Wino Chini ya Ukucha

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki, jua likimpata miguuni, akiongea peke yake kama kawaida yake. Binti yake alikuwa anapiga pasi sare ya kazini. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameshajipachika kwenye kompyuta, kona ya sebule, uso hajanawa, chai imepoa pembeni.

Kabla hatujafika mbali, tuwajue hawa watu. Mzee alikuwa mpanga herufi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha chapa, enzi zile za kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole na kuzipanga mstari kwa mstari, tena kinyume, ili karatasi ikibanwa juu yake isomeke sawa. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, yeye akarudi nyumbani na wino chini ya kucha. Wino ule haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Marehemu mke wake alikuwa anasema amezaliwa nao.

Wanawe aliwabandika majina ya kazini. Wa kwanza alimwita Herufi Kubwa, na jina lilimkaa, maana alikua mtu wa kusikika kabla hajafika. Akaja binti, Mzee akasema sentensi imekwisha, akamwita Nukta. Halafu, wakati hakuna aliyetarajia, akaja mwingine. Sasa kinachokuja baada ya nukta, chini kabisa ya ukurasa, kitaitwaje? Akaitwa Tanbihi. Watu walicheka mpaka machozi. Tanbihi mwenyewe aliacha kucheka siku alipoelewa kwamba tanbihi ni yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka.

Hata mama yao alikuwa na lake. Mzee alimwita Pambizo. Alisema bila ule ukingo mweupe wa pembeni, maneno yote yangemwagika nje ya karatasi. Pambizo alikwisha kufariki wakati haya yanatokea. Picha yao ya harusi ilikuwa ukutani chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha Mzee, naye alikuwa anaisalimia kila akiamka.

Na jambo moja zaidi, kwa sababu tutalihitaji. Nukta alipokuwa mdogo, Mzee alimpeleka kiwandani siku moja akamwonyesha mstari wa herufi kwenye chuma. "Ukiliona neno linasomeka kinyume," akamwambia, "ujue linasubiri. Likisomeka sawa, limeshachapwa. Na likishachapwa, mwanangu, halirudishwi kwenye risasi." Nukta hakuelewa, lakini alilishika kama watoto wanavyoshika mambo.

Basi, asubuhi hiyo Tanbihi aligeuza kiti na kumwambia dada yake kuhusu jaribio lake. Alikuwa anatengenezea maduka ya vifaa vya ujenzi na saluni tovuti zao, kazi ya kubembelezana na wateja, na akiwa amechoka nayo alibuni kitu chake.

"Natengeneza kurasa," alisema. "Kila ukurasa una maneno tu, basi. Mtu akitafuta kitu mtandaoni, akaangukia kwenye ukurasa wangu, huyo ni mgeni. Ukurasa uliopata wageni unazaa. Watoto wanafanana nao, ila neno lililokaa bure linatolewa, na neno alilokuja nalo mgeni linaingizwa. Ukurasa usiopata mgeni unafutwa. Mimi siandiki chochote. Watu wenyewe wanaandika bila kujua."

"Ili iweje?"

"Ili tujue watu wanataka nini hasa."

"Na wasichokitaka?"

"Kinaondoka," alisema Tanbihi, na akanyanyua kikombe cha chai iliyopoa.

Tatizo lake lilikuwa mbegu. Kurasa za kwanza alizijaza maneno ya kuokota kwenye kamusi, na zilikufa zote kabla hazijaona mgeni. Alihitaji maneno yaliyokwisha kuishi na mtu. Akiwa anawaza hivyo, sauti ya Mzee ilikuwa inaingia mlangoni bila kukatika: habari za mtambo uliokwama, za mkubwa wa zamu aliyekuwa na kikohozi cha uongo, za Pambizo na mwavuli wake.

"Mzee," Tanbihi akaita, "naomba maneno yako."

"Yapi?"

"Yote. Hayo unayoongea hapo. Niyaingize kwenye mashine."

Mzee alicheka, akamtazama mwanawe wa mwisho kwa mapenzi ya wazi. "Chukua. Chukua yote, mwanangu, nimekupa. Mimi nitayafanyia nini tena?"

Wakacheka wote watatu. Nukta akachomoa pasi, akaenda zake kazini.

Kurasa za Mzee hazikufa. Zilipata wageni, zikazaa, na watoto wakazaa. Tanbihi akawa mtu mwingine. Alinyoa ndevu, akaanza kupiga mluzi. Mezani alikuwa anatangaza habari za kurasa zake kama matokeo ya mpira, na Nukta alifurahi kumwona mdogo wake amechangamka, hata kama hakuwa anamsikiliza kwa makini. Nukta alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Akirudi nyumbani masikio yake yanakuwa yameshajaa.

Siku moja kabla ya chakula alikuwa anamnawisha Mzee mikono. Mzee akanyanyua kidole gumba akakiangalia.

"Hii nyeusi ya hapa chini ya ukucha inaitwaje?"

"Baba! Si wino huo?"

"Wino," alirudia Mzee taratibu, kama mtu anayeonjeshwa kitu kigeni. 

Kesho yake alipomnawisha tena, kucha zilikuwa safi. Zote kumi. Nyeupe kama za mtoto mchanga.

Wakampeleka hospitali. Daktari alimuuliza Mzee maswali, akamgonga magoti, akasema ni umri. Nukta alikubali, maana umri ni jibu ambalo mtu hawezi kubishana nalo. Aliporudi nyumbani akamlaza Mzee, na Mzee akiwa amelala chali aliitazama picha ya harusi.

"Mbona nimesimama peke yangu?" aliuliza.

Nukta aliinua macho. Baba yake alikuwa pale kwenye picha, kijana, suti imembana, mkono ameuweka begani kwa mtu. Lakini pale pa mtu palikuwa peupe. Hapakuchanika wala kufifia. Palikuwa peupe tu, kama karatasi ambayo haijafika mtamboni.

Alikwenda sebuleni kumwambia Tanbihi. Tanbihi alikuwa anakula huku anasoma kwenye kioo cha kompyuta, mdomo umejaa. "Kizazi hiki cha kurasa kimeacha maneno mengi, dada. Wiki ile ulitoka wino. Jana pambizo. Kuna mwavuli nao unaning'inia, leo au kesho unakwenda."

Nukta aligeuka alikotoka.

 Alichukua mwavuli nyuma ya mlango akaenda nao chumba cha nyuma. "Baba, hiki nini?" Mzee akamshangaa. "Mwavuli. Mvua imeanza?" Nukta alikaa kitandani akasubiri mchana wote, mwavuli mapajani, kama mlinzi. Jua lilipoanza kulala, Tanbihi alipiga makofi sebuleni, kizazi kipya kimezaliwa. Nukta akauinua tena mwavuli.

Mzee aliuangalia. Akaugusa. Akautazama uso wa binti yake kwa woga, kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo darasa zima linalijua jibu lake.

"Ni kitu cha... cha nini hiki?"

Nukta alimvuta mdogo wake mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Zima," alinong'ona.

"Nizime nini?"

"Hicho kitu chako. Kinamla baba."

Tanbihi alicheka kidogo, kisha akaona dada yake hacheki. "Dada, maisha yangu yote mimi ni tanbihi katika nyumba hii. Leo kuna kitu changu kinasomwa na watu, unaniambia nizime?"

"Nenda kaangalie picha ya mama."

Alikwenda. Alikaa huko muda mrefu kwa mtu aliyekwenda kuangalia picha. Aliporudi, uso ulikuwa wa kijivu, na mluzi haukusikika tena katika nyumba ile. Alikaa mbele ya kompyuta, Nukta amesimama nyuma yake, akabonyeza, akafungua upya, akabonyeza tena.

"Nikizima," alisema kwa sauti ya chini, "hata yaliyobaki yatakwenda. Kurasa ndizo zilizoyashika. Si alinipa yote?"

"Basi badilisha sheria. Zisifutwe."

"Nimejaribu sasa hivi mbele yako. Inanikubalia. Nikifungua tena nakuta ilivyokuwa."

 Nje jirani alikuwa anafua nguo huku anaimba, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kilichowezekana kilikuwa kimoja. Tanbihi alikuwa na nakala ya ukurasa wa kwanza kabisa, wenye maneno yote ya Mzee kama yalivyotoka mlangoni asubuhi ile. Angeweza kuurudisha. Lakini ukikosa wageni utafutwa tena, na wageni hawawezi kuwa wao wawili, kwa sababu mwenyewe aliuwekea kizuizi ili asijidanganye: kila simu inahesabiwa mara moja, basi. Ilibidi watu wengine, kwa mikono yao, wamtafute Mzee.

Tanbihi akaurudisha usiku ule, na asubuhi Nukta aliingia kliniki na jambo ambalo hajawahi kumwomba mtu. Alianza na msaidizi wa daktari, halafu mfagiaji, halafu daktari mwenyewe, ambaye aliandika neno "pambizo" kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika koleo. Kisha akageukia wagonjwa kwenye benchi. Kulikuwa na mama mmoja shavu limemvimba kama amemeza ndimu, hawezi hata kusema. Nukta alipiga magoti mbele yake.

"Samahani mama. Nisaidie kuandika neno moja tu kwenye simu yako. Utafute, ukifika ukurasa unaofunguka, basi."

Mama yule alimtazama, akatoa simu kwenye mkoba, akaandika. Aliandika wino, kama alivyoambiwa. Kwa nini alikubali bila kuuliza, Nukta hakujua. Labda mwenye maumivu anamtambua mwenzake.

Alipofika nyumbani jioni ile Mzee alikuwa mlangoni, amekaa wima. "Nukta!" aliita kwa mbali. "Umekula?"

Ndivyo alivyokuwa akimsalimia tangu akiwa shule ya msingi. Hakuwahi kumuuliza habari za kutwa wala za kazi, hilo tu ndilo lilikuwa lake. Nukta alikaa chini pale pale kwenye vumbi akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake. Kucha zilikuwa nyeusi. Walikaa hapo wakiongea habari za mtambo uliokwama na za Pambizo na mwavuli wake, na Nukta alizisikiliza kana kwamba hajawahi kuzisikia. Aliona furaha, naisema wazi wazi, furaha ya kumrudisha mtu. Haikudumu.

Kliniki ni watu wale wale. Wagonjwa wapya walikuwa wachache, na wengine walimtazama kama anawaibia. Daktari akamwita pembeni akamwambia aache kusumbua wateja. Mwisho wa wiki ukurasa ulikuwa unakaukiwa, na Tanbihi alikuwa anamwonyesha tu hesabu kwenye kioo. Wakabaki ndugu.

Ndugu walikuwa wengi. Kundi lao kwenye simu lilikuwa limejaa mashangazi, wajomba, binamu, wakwe na watu ambao hakuna aliyekumbuka waliingiaje. Kila asubuhi walitumiana maua na salamu za baraka. Nukta aliandika akafuta, akaandika tena. Mwishowe aliandika hivi: "Ndugu zangu, baba anaumwa. Siombi fedha. Naomba kila mmoja aandike kwenye simu yake maneno haya na kuyatafuta: mzee mpanga herufi, mume wa Pambizo. Mkifika kwenye ukurasa, mmemaliza. Tafadhali, leo."

Wa kwanza kujibu alikuwa Herufi Kubwa, kutoka huko mbali aliko na kazi yake ya ofisini, ya kiti kinachozunguka. Alituma picha ya mikono miwili iliyokunjwa kwa sala. Baada yake ikaja mikono mingine, mingi, mstari mzima wa mikono. Shangazi akasema angependa ila hana bando. Binamu mmoja akauliza kama simu ya Nukta imeibiwa, maana ndivyo matapeli wanavyoanza. Mjomba akaleta dawa ya mizizi. Mkwe akaandika "amina" bila kusoma. Kisha mtu akatuma kichekesho cha mume aliyefumaniwa, na kundi likaamka, likacheka mpaka jioni.

Nukta alimpigia kaka yake.

"Kaka, ni kuandika tu. Kidole kimoja."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Nitaandika. Sasa hivi naingia kikaoni."

"Unaingia kikaoni na simu mkononi."

"Nukta, mzee ni wetu sote. Usinifundishe kumpenda."

Nukta alikata simu. Alikaa karibu na Tanbihi wakiangalia kioo. Hakuja mtu. Ukoo wote ule, kwa hesabu ya mashine, haukuleta mgeni hata mmoja. Kesho yake mchana ukurasa ukafutwa.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Kisha Mzee akaanza kuongea, na sauti ilikuwa yake, ile ile yenye mkwaruzo wa tumbaku ya zamani. Nukta alikimbia akiamini moyoni kwamba mmoja wa ndugu amekumbuka kuandika.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, macho kwenye ukuta.

"Jinsi ya kupunguza tumbo," alisema kwa upole. "Dalili za mke anayetoka nje. Maana ya kuota nyoka mweusi."

"Baba?"

Aligeuka akamtabasamia. Lilikuwa tabasamu la adabu, la mwenye duka.

"Karibu, mgeni," alisema. "Unatafuta nini?"

Hayo ndiyo watu waliyotaka, na hayo ndiyo yaliyobaki kwenye kurasa zilizozaa kushinda zote. Kwa siku zilizofuata Mzee aliyasema tangu alfajiri hadi giza. Alisema namna ya kupata mkopo bila dhamana. Alisema dawa ya chunusi. Alitaja wachezaji waliouzwa. Nukta alimlisha uji katikati ya maneno hayo, kijiko baada ya kijiko, na kila akiingia mlangoni, hata kama ametoka dakika ile kuchukua maji, aliambiwa karibu mgeni. Alilia mbele yake waziwazi. Mzee alisubiri amalize, akamuuliza tena anatafuta nini.

"Nakutafuta wewe," Nukta alinong'ona.

Mzee aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu mbali. Midomo ilitembea. Hakuna kilichotoka.

Alikufa mchana mmoja, jua kali, Nukta akiwa amemshika mkono wenye kucha nyeupe. Neno lake la mwisho lilikuwa "njia fupi ya kufika nyumbani". Mpaka leo hawajui kama lilikuwa lake, au ni mtu tu mahali fulani alikuwa amepotea akauliza simu yake.

Msiba ulipotangazwa, jamaa walipata bando. Herufi Kubwa alifika akiwa amevaa miwani myeusi, akashika usukani wa kila kitu, akataka yaandikwe maneno mazuri juu ya marehemu ili watu wasome. Walikaa mezani yeye na wajomba wakijaribu. Aliandika kwamba Mzee alikuwa mchapakazi. Akaandika kwamba alipenda watu. Baada ya hapo kalamu ikasimama. Hakuna aliyekumbuka kitu alichowahi kusema.

"Tanbihi," aliita, "wewe si ulikuwa unayarekodi maneno ya mzee? Yaweke mtandaoni basi. Pamoja na ramani ya makaburini. Watu waandike 'mzee mpanga herufi', wafike."

Tanbihi alimtazama dada yake. Nukta hakutikisa kichwa wala hakukiinua. Tanbihi alikwenda kwenye kompyuta akairudisha ile nakala ya kwanza, maneno yote, na ramani chini yake kama tanbihi.

Walirudi kutoka mazishini saa za alasiri. Sebule ilijaa mpaka barazani. Na kila mtu alikuwa na simu mkononi. Walikuwa wametafuta ramani asubuhi, sasa walikuwa wanasoma yale ya juu yake, wanapeana, wanawatumia wengine ambao hawakuja, na hao nao wanatafuta. Shangazi asiye na bando alikuwa anasoma kwa sauti habari ya mkubwa wa zamu na kikohozi chake cha uongo. Watu walikuwa wanacheka kwa machozi.

"Kumbe mzee alikuwa na maneno matamu hivi," alisema Herufi Kubwa, akainua miwani na kujifuta. "Mbona hamkutuambia?"

Nukta alitoka sebuleni ili asimpige.

Alikuwa amefika kwenye korido aliposikia.

"Wino," ilisema sauti, ndani ya chumba cha nyuma.

Alisimama. Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Mwavuli."

Aligeuka kuwatazama watu. Hakuna aliyeinua kichwa. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye vioo.

"Pambizo. Pambizo na mwavuli wake."

Ilikuwa sauti ya Mzee. Ilikuwa nzima. Ilikuwa inaongea kama ilivyokuwa ikiongea mlangoni, bila kukatika, mtambo, zamu, mvua, harusi. Na kadiri sebuleni walivyosoma, ndivyo ilivyozidi. Maneno yote yamerudi. Yamekuta mwenyewe hayupo.

Nukta akausukuma mlango.

Kitanda kilikuwa kitupu. Alikitandika yeye mwenyewe asubuhi, shuka nyeupe, mto mweupe. Ukutani, mama yake alikuwa amesimama tena ndani ya picha, na mkono wa kijana mwenye suti ya kubana ulikuwa begani kwake.

Sauti ikanyamaza. Kisha ikaja karibu. Karibu sana, usawa wa sikio.

"Nukta. Umekula?"

Wenye kujua mambo haya wanasema sauti ya marehemu haijibiwi. Lakini angenyamazaje? Lilikuwa swali lake. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kumuuliza.

"Bado, baba," alijibu.

Kitu kililemea mto. Ukabonyea taratibu, kama unavyobonyea kichwa kikitua. Kilipoinuka kiliacha maandishi. Herufi nyeusi, nzito, za kiwanda. Nukta aliinama. Zilikuwa zimepangwa kinyume, na alizisoma kinyume kama alivyofundishwa.

Lilikuwa jina lake.

Linasubiri, alikumbuka. Na kabla hajajizuia, kidole gumba kilikuwa kimeshaligusa. Wino ulikuwa mbichi. Alipokigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha, neno lilikuwa pale kwenye ngozi, dogo, wazi. Nukta. Linasomeka sawa.

Alikiosha kwa sabuni. Akakiosha kwa mafuta ya taa. Neno lilitoka kwenye ngozi, lakini wino uliingia chini ya ukucha, na hapo ukakaa.

Jamaa waliondoka kesho yake. Kundi lilirudia maua yake na vichekesho vyake. Baada ya muda wageni wa ukurasa wakapungua, na chumba cha nyuma kikapunguza maneno, kila siku pungufu ya jana. Tanbihi aliuza kompyuta. Ukurasa haukuondoka. Anasema hajui uko kwenye mashine ya nani sasa.

Na Nukta anaona jambo ambalo hajamwambia mdogo wake. Siku ambayo hakuna aliyeutafuta ukurasa, wino ule unafifia. Siku moja ulipauka karibu wote, na siku hiyo msaidizi wa daktari alimpita mlangoni bila salamu, na alipoulizwa akaapa kwamba hakuona mtu kwenye kiti. Nyumbani, kwenye picha ya familia iliyo sebuleni, kati ya kaka na mdogo wake, palikuwa pameanza kuwa peupe.

Ukienda kliniki ile utamkuta. Atakuuliza jino gani, atakuandika, atakuelekeza ukae. Halafu daktari akifunga mlango wake, atakuja karibu na kukunong'oneza, samahani, nisaidie kuandika neno moja tu kwenye simu yako. Wengi wanaona aibu, wanageuza uso. Juzi kulikuwa na mama mmoja shavu limevimba tena, yule yule, simu ikiwa mpya. Aliandika bila kuuliza. Alipomaliza akamtazama Nukta kwa wema.

"Na wewe jina lako nani, binti?"

Nukta alifungua mdomo. Akasita. Akashusha macho kwanza, akaangalia ukucha.